Kuongeza Saketi na Kubadilisha Kisanduku cha Breka: Mwongozo kwa Nyumba na Biashara za Mtwara na Lindi

Nyumba nyingi za Mtwara, Mikindani na Lindi zilifungiwa umeme wakati mahitaji yalikuwa taa sita, redio, televisheni na pasi. Kisanduku cha breka, ambacho wengi wetu tumezoea kukiita meni swichi, kiliwekwa nafasi nne na zikatosha. Leo nyumba ileile ina friji, friza, kiyoyozi, pampu ya kisima na hita ya kuogea, na sasa jiko la presha la umeme linaingia jikoni kwa kasi, hasa baada ya Serikali kuzindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mwenye nyumba anapoona breka inaanguka kila jioni, jambo la kwanza analouliza ni bei ya kisanduku kikubwa zaidi, ilhali kisanduku ndicho kitu cha mwisho kununuliwa katika kazi hii. Kabla yake kuna hesabu ya mzigo, unene wa waya na ethi (njia ya umeme kwenda ardhini), na kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kubadilisha kile ambacho mteja alidhani anakihitaji.

Mwongozo huu unamfaa mwenye nyumba au biashara anayetaka kuisimamia kazi akijua kinachofanyika, pamoja na fundi kijana anayeanza. Kufungua kisanduku na kugusa nyaya zake ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA chini ya Sheria ya Umeme, Sura ya 131. Leseni hizo zina madaraja, na daraja ndilo linaloonyesha ukubwa wa kazi ambayo fundi ameruhusiwa kuifanya. Kwa hiyo omba kuiona leseni na ulisome daraja lake kabla ya kupatana bei.

Hatua ya kwanza: kagua kilichopo

Simama mbele ya kisanduku ukiwa na daftari. Andika idadi ya breka, namba ya ampea iliyo juu ya kila moja, na kile inachokilisha. Usikisie. Zima breka moja, uzunguke nyumba nzima uone kilichozimika, kisha uiwashe na uende kwa inayofuata. Andika pia ukubwa wa swichi kuu (ile inayozima nyumba nzima), kama ipo breka ya kuvuja umeme (ile inayokata umeme unapovuja, yenye kitufe cha kujaribia na herufi RCD), na kama umeme unaoingia ni wa njia (fezi) moja wa volti 230 au wa njia tatu wa volti 400.

Angalia dalili za joto. Plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia, harufu kama ya samaki aliyeungua karibu na breka, au skrubu yenye kutu ya kijani, vyote vinaeleza kwamba kuna maungio yaliyolegea au yaliyoliwa na chumvi. Katika nyumba za Shangani na Mikindani, ambako upepo wa bahari hauna pa kuzuiliwa, kutu hiyo huanza mapema kuliko watu wanavyodhani, na kisanduku cha chuma kilichofungwa barazani huoza pembe zake za chini kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya pili: piga hesabu ya mzigo

Kanuni ni nyepesi: gawanya wati kwa 230, upate ampea. Chukua nyumba yenye taa za wati 300 kwa jumla, friji ya wati 150, viyoyozi viwili vya wati 1,200 kila kimoja, jagi la kuchemshia maji la wati 2,000, pasi ya wati 1,200, jiko la presha la wati 1,000, pampu ya wati 1,100 na hita ya kuogea ya papo kwa papo ya wati 5,500. Ukijumlisha vyote unapata wati 13,650, ambazo ni takriban ampea 59.

Hata hivyo hakuna nyumba inayowasha kila kitu kwa dakika ileile. Fikiria saa mbaya zaidi ya siku, ambayo kwa kawaida ni jioni: mtu anaoga, viyoyozi vinafanya kazi, pampu inajaza tangi, taa na friji ziko wazi. Hapo unapata wati 9,450, yaani ampea 41. Namba hii ya pili ndiyo ya kulinganishwa na swichi kuu na kebo inayotoka kwenye mita. Ikiwa swichi kuu ni ya ampea 63 na kebo yake inaihimili, huduma iliyopo inatosha, na kinachotakiwa ni saketi mpya na pengine kisanduku chenye nafasi zaidi. Ikiwa swichi kuu ni ya ampea 40, basi kuongeza saketi bila kushughulikia njia ya kuingilia umeme ni kuuhamisha ugonjwa kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Hatua ya tatu: chagua waya kwanza, breka baadaye

Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika, nami nitakaa hapa kidogo.

Breka haiwekwi kwa ajili ya kulinda friji wala kiyoyozi. Inaulinda waya uliomo ukutani na darini usipate joto la kuyeyusha kihami chake, yaani ganda lake la plastiki. Ndiyo maana swali la kwanza ni waya huu unabeba ampea ngapi mahali unapopita, na breka huchaguliwa isizidi namba hiyo.

Waya wa shaba wenye kihami cha PVC, ukipita ndani ya bomba katika ukuta wenye joto la nyuzi 30, hubeba takriban ampea 17 kwa milimita 1.5 za mraba, 24 kwa 2.5, 32 kwa 4, 41 kwa 6 na 57 kwa 10. Fundi wengi wanazijua namba hizi kwa kichwa, au angalau kwa mazoea. Kinachosahaulika ni kwamba nyumba zetu zimeezekwa kwa bati, na nafasi iliyo kati ya bati na dari saa nane mchana inaweza kufika nyuzi 50. Katika joto hilo uwezo wa waya unashuka hadi asilimia 71 tu ya namba za hapo juu. Waya wa 2.5 uliokuwa wa ampea 24 unabaki na 17. Wa 4 unabaki na takriban 23, wa 6 unabaki na 29, na wa 10 unabaki na 40.

Ina maana gani kwa kazi? Saketi ya soketi yenye waya wa 2.5 unaopita chini ya bati inastahili breka ya ampea 16. Breka ya ampea 20 inahitaji waya wa 4. Hita ya wati 5,500, inayovuta karibu ampea 24, inaweza kuwekwa kwenye waya wa 6 na breka ya ampea 25. Lakini mtengenezaji akitaka breka ya ampea 32, kama ilivyo kwa hita nyingi, basi waya wa darini uwe wa 10. Taa hutoshwa na waya wa 1.5 na breka ya ampea 6 au 10.

Niliwahi kuitwa na mama mmoja wa Mikindani anayeuza samaki na barafu. Friza zake tatu, jagi na feni vilikuwa kwenye saketi moja, na breka ilikuwa ikianguka kila siku.

“Fundi, niwekee kubwa zaidi, hii inanitia hasara,” alisema.

“Mama, kubwa zaidi ipo tayari,” nilimjibu, kwa sababu nilipofungua kifuniko nilikuta fundi aliyenitangulia ameshatoa breka ya 16 na kuweka ya 32 juu ya waya uleule wa 2.5. Breka ilikuwa ikianguka kwa joto la skrubu yake iliyolegea, si kwa mzigo peke yake. Nilipanda darini, na karibu na boksi la maungio kihami cha waya kilikuwa kimekauka kikipasuka kama ganda la korosho lililochomwa. Dawa yake ilikuwa waya mpya: kila friza ikapewa saketi yake, na breka zote zikarudi kuwa za 16.

Jambo la pili la kuangalia ni umbali. Waya mrefu hupoteza volti njiani, na upotevu huo usizidi asilimia 5 kwa vifaa vya kawaida na asilimia 3 kwa taa. Waya wa 2.5 hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Wa 4 hupoteza 11, na wa 6 hupoteza 7.3. Pampu ya kisima inayovuta ampea 11, ikiwa mita 40 kutoka kwenye kisanduku, itapoteza volti 7.9 kwa waya wa 2.5. Hiyo ni asilimia 3.4, na kwa karatasi inakubalika. Lakini mota inapoanza kuzunguka huvuta mara nne hadi sita ya ampea zake za kawaida. Kwa mara tano, volti zinazopotea ni karibu 40, pampu inanguruma bila kuzunguka, na mwenye nyumba anailaumu pampu. Kwa waya wa 4 upotevu wa wakati wa kuanza ni volti 24, na kwa wa 6 ni 16. Mimi pampu ya mbali huipa waya wa 6, na sijawahi kurudishwa.

Kwa mota, friza kubwa na viyoyozi, chagua breka yenye herufi C mbele ya namba, kwa kuwa inavumilia msukumo wa kuanza. Yenye herufi B itaanguka bila sababu.

Hatua ya nne: ethi na breka ya kuvuja umeme

Katika mpangilio wa kawaida wa nyumba zetu, ethi ya mteja ni nondo ya shaba iliyopigwa ardhini karibu na ukuta, na hutegemea udongo uliopo. Udongo wa pwani ya Mtwara na Lindi sehemu kubwa ni mchanga, na mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri.

Tuseme ethi yako ina ukinzani wa omu 50, namba ambayo si ya ajabu kwenye mchanga. Waya wa moto ukigusa bodi ya friza, mkondo utakaopita kwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 50, yaani ampea 4.6. Breka ya ampea 16 haitasikia chochote. Friza itaendelea kugandisha samaki huku bodi yake ikiwa na volti karibu 230, na atakayeigusa akiwa peku kwenye sakafu yenye maji ndiye atakayekamilisha saketi. Kwa hiyo, huku kwetu breka ya kuvuja umeme yenye uwezo wa miliampea 30 si nyongeza ya hiari, kwa kuwa ndicho kifaa pekee kitakachokata umeme katika hali hiyo.

Pima ethi kwa kipimo chake maalumu, na uipime wakati wa kiangazi. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo kipimo cha Februari kitakudanganya. Cha Septemba au Oktoba ndicho kinachosema kweli. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo ilivyo bora, na ikizidi omu 200 usiikubali, kwa sababu haitabaki ilivyo. Namba ikiwa kubwa, piga nondo ndefu zaidi ifikie udongo wenye unyevu, au ongeza nondo ya pili kwa umbali usiopungua urefu wa nondo yenyewe, kisha uziunganishe. Ule ushauri wa kumwaga chumvi kwenye shimo la ethi siupendi: namba hushuka kwa muda, kisha chumvi hiyohiyo huitafuna nondo na klampu yake.

Usiweke nyumba nzima kwenye breka moja ya kuvuja umeme. Taa ya nje ikiingia maji ya mvua usiku, friza nayo itazimika, na asubuhi samaki wameharibika. Gawanya saketi kwenye breka mbili za namna hiyo, na friza ya biashara ipewe ya kwake, ile inayounganisha kazi ya breka na ya kuvuja katika kifaa kimoja. Ukitaka ulinzi wa nyumba nzima mwanzoni mwa kisanduku, tumia ya miliampea 100 yenye herufi S, inayochelewa kidogo ili ndogo zitangulie kukata.

Hatua ya tano: TANESCO

Mita ya LUKU, lakiri yake na kebo inayoingia ndani yake si mali ya mteja. Fundi wa mtaani asikate lakiri hata kwa dakika tano. Ikiwa hesabu imeonyesha kwamba mzigo umezidi huduma iliyopo, au unahitaji kuhama kutoka njia moja kwenda njia tatu, peleka maombi TANESCO yakiwa na mchoro na fomu iliyosainiwa na fundi mwenye leseni. Mteja aliye katika kundi la matumizi madogo ya nyumbani, ambalo wastani wake ni uniti 75 kwa mwezi, ajue pia kwamba kiyoyozi na hita vitamtoa humo, na bei ya uniti itabadilika.

Hatua ya sita: siku ya kazi

Kuzima swichi kuu hakutoshi. Skrubu za juu, zinazopokea kebo kutoka kwenye mita, hubaki na umeme, kwa hiyo kisanduku kizima hakibadilishwi mpaka umeme ukatwe upande wa mita na wenye mamlaka ya kufanya hivyo. Baada ya kukata, jaribu testa mahali unapojua pana umeme, kisha pima kwenye kisanduku, kisha rudi ujaribu testa tena. Testa iliyokufa huonyesha kila waya kuwa salama.

Piga picha ya kisanduku cha zamani, na uvike kila waya alama ya karatasi yenye namba ya saketi kabla ya kulegeza skrubu ya kwanza. Kisha pima kila saketi kwa mega (kipimo cha uzima wa kihami) ya volti 500, soketi zote zikiwa hazina kitu na taa zimetolewa. Kihami kisipungue megaomu 1. Fanya hivi kabla ya kufunga kisanduku kipya, maana saketi za zamani zinazovuja kimyakimya ndizo zitakazoangusha breka mpya, na mteja atasema umemharibia nyumba.

Tafuta pia nyutro za kuazima. Taa ya ukumbi au ya ngazi mara nyingi huchukua waya wa moto kwenye saketi moja na kurudisha nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, kwenye nyingine. Katika kisanduku cha zamani hilo halionekani. Katika kisanduku kipya breka ya kuvuja itaanguka kila taa inapowashwa. Kila nyutro lazima irudi kwenye baa (kipande cha metali kinachokusanya nyaya) ileile inayolindwa na breka ya moto wake.

Kisanduku kipya kifungwe mahali pakavu, kwa urefu wa kifua au macho, mbali na bafu na beseni. Kikiwa nje au barazani, nunua cha plastiki kinachozuia vumbi na maji, chenye alama ya IP65, usinunue cha chuma. Acha nafasi tatu au nne tupu, na kila nafasi tupu ifunikwe kwa kifuniko chake, na tundu la kila bomba lizibwe. Mjusi kafiri hupenda joto la kisanduku, na akijilaza kati ya baa ya moto na ya nyutro, nyumba hubaki gizani naye hubaki mkaa.

Skrubu zikazwe kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Kihami kisiingie chini ya skrubu, na shaba isionekane nje yake. Waya wa nyuzinyuzi uvikwe kikofia cha shaba kabla ya kuingizwa. Kebo ya aluminiamu isikutanishwe na shaba moja kwa moja. Tumia kiunganishi cha metali mbili, la sivyo hewa ya chumvi itamaliza maungio hayo.

Kwa wenye biashara

Mota ya kilowati 7.5 ya mashine ya kusaga au ya karakana ya korosho huvuta takriban ampea 15 kwa kila njia ikiwa ya njia tatu. Mota ya nguvu hiyohiyo kwenye njia moja ingevuta karibu 45, ndiyo maana hapa njia tatu haikwepeki. Gawanya vifaa vya njia moja kwa usawa kati ya njia zote tatu, na upime kwa klampu mita wakati wa kazi nyingi. Nyutro kuu ndiyo ya kukaguliwa kwanza na mwisho: ikilegea, baadhi ya soketi za volti 230 zinaweza kupanda kuelekea 400, na friji, televisheni na mashine ya risiti vitaungua kwa pamoja. Mota iwe na stata (swichi ya kuwashia mota) yenye kinga ya mzigo na ya njia inayokosekana.

Mwenye jenereta aweke swichi ya kubadilishia inayotenga kabisa upande wa TANESCO. Kuchomeka jenereta kwenye soketi kwa waya wenye plagi pande zote mbili, jambo ninalolikuta bado madukani, hurudisha umeme kwenye nguzo ambako mtu anaweza kuwa anarekebisha laini akiamini imezimwa.

Hatua ya mwisho: kupima na kuandika

Kabla ya kuwasha, hakikisha waya wa ethi unafika kwenye kila soketi. Baada ya kuwasha, bonyeza kitufe cha kila breka ya kuvuja, kisha uipime kwa kifaa: ya miliampea 30 inapaswa kukata ndani ya milisekunde 300. Washa mizigo mikubwa kwa nusu saa na ukague joto la kila breka. Rudi baada ya mwezi mmoja, zima umeme na ukague skrubu upya. Mwenye nyumba abonyeze kitufe cha kujaribia kila mwezi, kwa sababu chemchemi isiyotumika katika hewa ya bahari hukwama.

Ndani ya kifuniko bandika karatasi yenye namba ya kila breka, unene wa waya wake, mahali inapolisha, kipimo cha ethi na tarehe. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu hufifia kwa unyevu wa pwani, na fundi atakayefuata atajikuta akizima breka moja moja na kuzunguka nyumba upya.